Ndege Ikianguka, Nani Anahesabiwa?

Bibi yangu anaishi Ulaya. Nikisema hivyo chuoni watu huniangalia mara mbili, na wapo walioniuliza kama anaweza kuwatumia mwaliko wa viza. Ulaya yetu ni kata ya Wilaya ya Kilosa, kwenye barabara itokayo Kilosa mjini kwenda Mikumi. Kufika huko hakuhitaji viza. Kunahitaji subira, hasa masika. Katika maandishi ya Waingereza kuhusu vita vya mwaka 1916 jina lake limeandikwa Uleia. Nililikuta maktaba nikiwa nimechoka, karibu na saa ya kufunga, nikashtuka kama mtu aliyeona picha ya mama yake kwenye gazeti la zamani.

Siku hiyo sikuwa natafuta kwetu. Nilikuwa natafuta ndege iliyoanguka. Nasoma shahada ya uzamili katika fasihi, na tasnifu yangu inahusu namna Vita Kuu ya Kwanza ilivyosimuliwa katika nchi iliyokuwa koloni la Wajerumani. Msimamizi wangu aliniambia mada ni pana mno, niipunguze. Nikaipunguza, akasema bado. Nikaipunguza tena mpaka nikabaki na siku moja ya Julai 1915, ndege moja, na watu wawili ndani yake. Akasema, "Sasa umepata pa kusimama."

Kisa chenyewe ni hiki. Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliivamia manowari ya Kiingereza Pegasus pale Zanzibar na kuizamisha. Kisha ikaenda kujificha katika delta ya Rufiji, ndani kabisa, kwenye vijito vilivyofunikwa na mikoko. Maji ya Ruaha Mkuu yanayopita Kidatu, kusini mwa Mikumi, huishia kwenye Rufiji hiyohiyo. Kwa hiyo sisi wa huku tunaweza kusema meli ilijificha kwenye mkia wa mto wetu. Manowari kubwa za Waingereza zilijua ipo humo lakini hazikuweza kuingia, kwa sababu maji yalikuwa mafupi. Ikabidi watu waende juu.

Wa kwanza kwenda alikuwa Dennis Cutler, rubani wa kiraia aliyekuwa Durban, akapewa cheo cha kijeshi haraka haraka pamoja na ndege ya Curtiss ya kutua majini. Rejeta ya ndege hiyo ilimsumbua mpaka ikabidi ipatikane nyingine kutoka kwenye gari la Ford huko Mombasa. Naipenda sana rejeta hiyo. Kila fundi wa Msamvu angeielewa. Cutler aliiona manowari, lakini Desemba 10, 1914 injini ilimzimikia, akatua ndani ya delta na kutekwa. Wenzake waliingia na boti chini ya risasi, wakaivuta ndege wakaondoka nayo. Rubani akabaki mikononi mwa Wajerumani, mfungwa wa miaka.

Mwaka uliofuata uwanja wa ndege ulitengenezwa kisiwani Mafia, na manowari mbili fupi za kuingia mtoni, Severn na Mersey, zikaletwa kutoka mbali. Julai 11, 1915 ndege ya Henri Farman iliruka juu ya mikoko ikiwa na John Cull, rubani, na Harwood Arnold, mwangalizi, kijana kutoka Kanada. Kazi ya Arnold ilikuwa kuwaambia wapiga mizinga wa Severn, kwa simu ya upepo, makombora yao yanaanguka wapi: mbele mno, nyuma mno, kushoto. Bila yeye walikuwa wanapiga msitu. Hatimaye makombora yakaanza kuipata Königsberg. Wakati huohuo Königsberg nayo ikaipata ndege.

Injini ikaharibika. Ndege ikaanza kushuka. Arnold akatuma taarifa kwamba wamepigwa na wanahitaji boti, kisha, wakiwa bado wanashuka, akaendelea kutuma masahihisho ya shabaha. Cull aliielekeza ndege mtoni, jirani na Mersey. Ilipogusa maji ikapinduka. Arnold alirushwa nje. Cull alizama nayo akiwa amefungwa mkanda, akajinasua chini ya maji. Boti ya Mersey ikawachukua wote wawili. Siku hiyohiyo nahodha Max Looff aliamuru meli yake iharibiwe na mabaharia wake wenyewe. Cull na Arnold wakapewa nishani.

Lazima niseme ukweli: kisa hiki kinanifurahisha. Nimekisoma kwa waandishi tofauti, na kila nikifika pale ndege inaposhuka na kidole cha Arnold bado kipo kwenye kitufe, nashika pumzi ilhali najua atapona. Mhakiki asiyekiri kwamba kisa ni kizuri hawezi kuaminiwa anaposema kina kasoro.

Uzuri huo unatoka wapi? Mwanzoni nilidhani unatoka kwenye ushujaa. Sasa nadhani unatoka kwenye hesabu. Kisa cha ndege kuanguka kina kanuni moja ambayo hakiivunji: idadi ya walioruka hujulikana, na msimulizi haruhusiwi kuondoka mpaka kila mmoja awe amepatikana, hai au maiti. Wawili waliruka, wawili wakatolewa majini, hapo tunaweza kupumua. Cutler aliruka peke yake, kwa hiyo tunamfuata peke yake mpaka kifungoni. Hata chombo ambacho hakikufika kwetu kina hesabu yake. Novemba 1917 Wajerumani walituma puto kubwa la anga, Zeppelin L59, kutoka Bulgaria ili lilete vifaa kwa jeshi la Lettow-Vorbeck huku. Lilifika anga ya Sudan likageuzwa, likarudi lilikotoka. Aprili 1918 liliteketea na kuanguka baharini karibu na Italia, na vitabu vinatuambia bila kusita kwamba watu wake wote 21 walikufa. Hawakukanyaga ardhi yetu hata dakika moja, lakini mimi mjukuu wa Ulaya ya Kilosa najua idadi yao.

Na katika kurasa hizohizo, kwenye vita hivyohivyo, kuna watu wengine. Mtambo wa Königsberg ulipoharibika, vipande vyake vilikokotwa nchi kavu kutoka Rufiji hadi karakana ya Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa. Nani alivikokota? Meli ilipokufa, mizinga yake ilitolewa majini ikapelekwa bara, ikapigana karibu vita vyote. Nani aliisukuma? Katika sentensi hizo kitenzi huwa katika kauli ya kutendwa. Ilibebwa. Ilivutwa. Ilifikishwa. Kisa kinachohesabu kwa umakini hivyo watu wawili wa juu, kikishuka chini kinaacha kuhesabu kabisa.

Niliandika sura nzima yenye hasira kuhusu jambo hilo. Msimamizi aliisoma, akairudisha na swali moja pembeni: "Unakigombeza kitabu cha marubani kwa kuwa ni kitabu cha marubani?"

Niliudhika, kisha nikaona ana haki. Ni rahisi sana, ukiwa na miaka ishirini na kitu na kompyuta mpakato, kusimama mbele ya kitabu cha mkoloni na kusema "hukututaja". Hasira hiyo imeshakuwa mtindo. Anayeisoma anajua mwisho wake kabla hajafika. Na ina kosa la uhakiki pia: inakitupa kisa pamoja na kanuni yake, wakati kanuni ndiyo kitu pekee humo ninachokitaka. Kumfuata kila mtu mpaka ijulikane alikoishia si kiburi cha kikoloni. Ni adabu. Tatizo ni kwamba adabu hiyo iligawiwa kwa watu wachache.

Basi nikaanza upya na swali jingine: waandishi waliokuja baadaye waliifanyia nini kanuni hii?

Nilianza na aliyekuwa karibu zaidi na tukio. Leo Walmsley alikuwa mwangalizi wa anga katika Skwadroni ya 26 ya Waingereza, iliyofika Mombasa mapema mwaka 1916 na kusogea pamoja na jeshi la Jenerali Smuts mpaka Morogoro. Alikuja kuwa mwandishi wa riwaya za wavuvi wa kwao Yorkshire. Lakini kitabu chake cha mwaka 1920 kuhusu huku kwetu kinaitwa Flying and Sport in East Africa. Neno la tatu pale, katika Kiingereza cha siku zile, lilimaanisha uwindaji. Kuruka na Kuwinda Afrika Mashariki. Mtu ametoka kwenye vita, na katika jina la kitabu vita havipo. Vimebaki vitu viwili vya kufurahisha, ndege na wanyama. Simshangai. Mtu aliyenusurika angani ana haki ya kutaka kukumbuka swala badala ya maiti. Ila jina lile lilinifundisha kwamba nchi inaweza kugeuzwa uwanja wa michezo kwa neno moja tu kwenye jalada.

Wa pili ni Wilbur Smith. Shout at the Devil, riwaya yake ya mwaka 1968, ilichukua kisa cha Rufiji, ikaipa meli jina Blücher, ikaongeza ulevi, mapenzi na pembe za ndovu. Mwaka 1976 ikawa filamu ya Lee Marvin na Roger Moore. Niliitazama chumbani hosteli na wenzangu wawili, tukacheka sana, kwa sababu inachekesha. Kisha ikafika sehemu ambapo Moore anapakwa rangi nyeusi ili ajichanganye na vibarua, aingie melini kutega bomu. Hapo hatukucheka, au tulicheka kwa namna nyingine. Wapagazi ambao vitabu vya historia viliwaficha ndani ya kauli ya kutendwa, hatimaye wako mbele ya kamera, wengi, wamebeba. Na kazi yao katika kisa ni kuwa vazi. Wako pale ili mzungu mmoja asionekane. Mtazamaji anamfuatilia yeye tu kwenye mstari ule, anahofia yeye tu asije akagundulika. Smith hakusahau kuwahesabu vibarua. Alihitaji wasihesabike, maana wangehesabika, hila ya shujaa isingefanya kazi.

Wa tatu ndiye aliyenifanya nisiiache tasnifu. Katika Afterlives, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 2020, hakuna ndege inayoanguka. Lakini nadhani ndiyo iliyoielewa kanuni ya visa vya ndege kuliko zote. Ilyas, kijana aliyesomeshwa na Wajerumani, anajiunga na askari wao na kumwacha dada yake Afiya. Harudi. Vita vinaisha, Afiya anaolewa na Hamza, askari mwingine aliyerudi na jeraha, wanazaa mtoto wa kiume, wanampa jina la mjomba wake. Maisha yanaendelea, watu wanauza mbao, wanapika, wanagombana, wanazeeka, na katikati ya nyumba kuna nafasi ya mtu mmoja ambaye hajahesabiwa. Mtoto anaugua ugonjwa usioeleweka, na kuna sauti inayomuulizia mjomba. Mwishowe mtoto huyo, akiwa mtu mzima, anakwenda Ujerumani na kufukua kumbukumbu mpaka anajua: mjomba alifika Ujerumani, aliimba, aliandamana na Wanazi waliotaka makoloni yarudi, akafungwa, akafia katika kambi ya Sachsenhausen.

Wasomaji wengi wanalalamikia kurasa hizo za mwisho. Nimesikia hata darasani: baada ya riwaya nzima ya upole, mwisho ni mkavu, umeharakishwa, unasomeka kama taarifa ya ofisi. Nakubaliana nao kuhusu ukavu, nakataa kwamba ni kasoro. Ni taarifa. Ni taarifa ileile ambayo kila rubani aliyeanguka alipewa: jina, mahali, tarehe, hatima. Gurnah amechukua fomu iliyotengenezwa kwa ajili ya Cull na Arnold, akamjazia humo askari mweusi kutoka pwani yetu. Lugha inakauka kwa sababu fomu huwa kavu. Baada ya kurasa karibu mia tatu za kusubiri, ukavu huo ulinitoa machozi kuliko shairi lolote.

Naye hakubuni kutoka hewani. Ilyas anafanana sana na mtu wa kweli, Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kama Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akahudumu jeshini akiwa mtoto, akaenda Ujerumani, akadai mshahara wake wa uaskari na wa baba yake ambao haukulipwa, akacheza filamu, akafungwa, akafa Sachsenhausen mwaka 1944. Mwaka 2007 jiwe dogo lenye jina lake liliwekwa barabarani Berlin.

Lakini hapa ndipo nilipokwama, na ndiyo sababu naandika makala haya badala ya kuendelea na sura ya nne.

Tunamjua Husen kwa sababu alidai. Aliandika barua, ofisi ikamjibu, karatasi zikabaki. Baadaye waliomfunga nao wakaandika. Ilyas wa riwayani naye anapatikana kwa sababu hiyohiyo: alikuwa mtu wao, upande mmoja, nao wakamweka kwenye mafaili yao. Marubani wapo kwenye karatasi kwa kuwa walipendwa na jeshi lao. Husen yupo kwenye karatasi kwa kuwa alilisumbua, kisha akaliudhi dola. Kwa vyovyote, hatima ya mtu imehifadhiwa na aliyekuwa akimmiliki. Riwaya ya Gurnah inaipanua orodha, nami naishukuru. Ila inanipa tumaini ambalo kwa watu wengi si la kweli: kwamba mahali fulani faili lipo, na mjukuu akipata ufadhili wa kusoma nje atalifungua.

Nina sababu ya kulisema hili. Königsberg ilipokwisha, mabaharia na mizinga yake waliungana na jeshi la nchi kavu, na vita vikapanda bara. Agosti 22, 1916 kikosi cha Jenerali van Deventer kiliingia Kilosa, kisha kikashuka kusini kupitia Ulaya na Kidodi kuelekea Ruaha Mkuu. Wajerumani walikuwa mbele wakirudi nyuma, Waingereza nyuma wakifuata, na wote wawili walihitaji watu wa kubeba. Mbung'o waliua farasi na punda, na magari yalikwama. Kilichobaki ni mabega ya watu.

Mjomba wa bibi yangu alichukuliwa katika kipindi hicho. Bibi hakumwona; aliambiwa na mama yake, aliyekuwa dada wa huyo kijana. Sisi ni Wasagara, ukoo wetu unapita kwa mama, na mjomba kwetu si mtu wa pembeni. Walimchukua shambani. Nilimuuliza bibi, walikuwa wa upande gani? Akaniangalia kama nimeuliza rangi ya nguo zao. Mama yake alisema ni askari. Weusi, wenye bunduki, wanasema Kiswahili. Pande zote mbili walikuwa nao.

Kwa hiyo hata nikipata ufadhili, niende wapi? London au Berlin? Makadirio ya upande wa Waingereza yanataja wapagazi wapatao 95,000 waliokufa, wengi kwa kuhara, malaria, nimonia na njaa, siyo kwa risasi. Upande wa Wajerumani hauna hata hesabu ya kuaminika. Dar es Salaam tunayo Sanamu ya Askari ya mwaka 1927, isiyo na jina la mtu, na tunayo Kariakoo, jina lililobaki kutoka kwenye kikosi cha wapagazi, ambako tunanunua vitenge na chaja za simu. Sehemu moja ina mtu bila jina, nyingine ina jina bila mtu.

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani kwa basi la kutoka Dar. Baada ya Morogoro barabara inakatiza ndani ya Hifadhi ya Mikumi, na humo kuna mabango ya faini: ukigonga tembo unalipa kiasi gani, twiga kiasi gani, simba, nyati, nyani, mpaka swala. Abiria wanapenda kuyasoma kwa sauti na kutaniana. Siyadharau mabango hayo. Mtu fulani alikaa, akaamua kwamba mnyama akifa kwenye barabara hii lazima iandikwe na mtu awajibike, akaorodhesha mmoja mmoja. Nilichofikiri ni kwamba njia hiyo ya kuelekea kwetu ilipitwa mwaka 1916 na watu wenye mizigo vichwani, na walipoanguka hakuna aliyelazimika kuandika.

Nilishuka Mikumi nikapanda gari la kwenda Ulaya. Bibi alikuwa anachambua mchicha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekonda. Huko kusoma hawawapi chakula?"

Usiku nilimsimulia kisa cha Cull na Arnold. Nilimsimulia vizuri, kwa kuwa nakijua. Alisikiliza mpaka ndege ikaanguka majini, akauliza kama wale vijana walikuwa na mama. Nikasema bila shaka. Akauliza kama mama zao walipata habari. Nikasema ndiyo, walipata, wanao walipewa na nishani. Akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Hiyo ni heri." Hakuwa na kejeli hata kidogo. Aliwafurahia kweli. Mimi niliyetumia miezi minane kuwaonea wivu watu hao wawili, niliona aibu kidogo.

Kisha nikatoa daftari. Nilikuwa nimechora jedwali, kama yale niliyoyaona kwenye vitabu: jina, umri, alipochukuliwa, kikosi, hatima. Nikamwambia nataka kumwandika mjomba. Bibi alitaja jina polepole, silabi kwa silabi, kama anayeogopa nitakosea. Sitaliandika hapa kwa kuwa sikumwomba ruhusa ya kulipeleka mbali, lakini kaka yangu analo, na kabla yake alikuwa nalo mtoto wa mama mdogo aliyefariki. Katika ukoo wetu jina hilo halijawahi kukaa bila mtu. Umri: kijana, alikuwa hajaoa. Alipochukuliwa: shamba la mtama, chini kule, nikamjua mwenye shamba la sasa. Kikosi nikaacha wazi.

Kwenye hatima nikaandika neno moja, nikamsomea jedwali lote.

"Umeandikaje hapo mwisho?" akauliza.

"Hakurudi."

"Nani kakwambia hakurudi?"

Nikanyamaza. Ni zaidi ya miaka mia moja. Hata angenusurika vita angekuwa amekufa zamani kwa uzee. Nikajaribu kumweleza, kwa heshima, kwamba kwenye jedwali kama hili huwa wanataka jambo lililokwisha. Nikamwambia marubani wote wameandikwa hivyo: aliokoka, alitekwa, alikufa.

"Wao waliwaona," bibi akasema. "Walikwenda na boti wakawaona. Sisi tumemwona wapi? Tukitambika tunamwita na wengine, tunasema na wewe popote ulipo. Mama yangu alikufa anasema hivyo. Wewe umesoma, usije ukamfunga mtu mlango kwa kalamu."

Msimamizi wangu angefurahia sentensi hiyo, lakini sikuichukua kwa ajili ya tasnifu. Nilifikiri jinsi nilivyoisifu fomu kavu ya Gurnah, na jinsi nilivyoitaka iwe yetu. Fomu ile inadai shahidi. Inaruhusiwa kufunga kwa sababu kuna aliyefika na kuona. Kwa wale 95,000, na wale ambao hawamo hata kwenye idadi hiyo, hakuna boti iliyokwenda. Kuandika "alikufa" kungekuwa kudanganya, na kunyamaza ni kile kilichokwisha kufanywa na wengine.

Bibi alisogeza taa, akaweka kidole kwenye safu ya mwisho ya daftari langu, ingawa hajui kusoma.

"Andika hajarudi," akasema.

Nikafuta, nikaandika.